Nyota za Chini ya Ukurasa

Jumapili, 3 Mei 1998

Ibada ndefu leo. Mahubiri niliyasikia nusu, maana Mchungaji Naftaly alikuwa ameninong'oneza mlangoni nisiondoke kabla hajaniona. Nikadhani ni ile taarifa ya ibada ya wiki jana, niliyokosea namba ya wimbo watu wakaimba wa maziko. Kumbe la! Ni barua. Maktaba moja ya mjini inataka nakala zote za jarida letu, Chukua, kuanzia toleo la kwanza, wazishone pamoja ziwe kitabu. Na mbele ya kitabu wanataka ukurasa mmoja wa historia – jarida lilianzaje, nani alilianzisha, kwa nini. Mchungaji alinisomea mwenyewe kwa sauti, mkono mmoja juu ya mashine yetu ya kuchapa.

Ati mimi kama mwanzilishi ndiye wa kuandika. Ati tarehe saba Juni, Chukua likitimiza miaka mitano, nitasimama mbele ya kanisa nipewe cheti. Na ukurasa huo huo utatoka katika toleo la siku hiyo, ili mtaa usome kabla ya mjini.

Nilitabasamu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

Nakala zote! Hapo ndipo kazi ilipo. Kitu cha bure hakikai nyumbani kwa mtu. Tunaweka saluni, dukani kwa Mama Koki, mlangoni pa kanisa, na juu limeandikwa: Chukua, usome, umpe jirani. Watu wanachukua, wanasoma, jirani anasoma, halafu linafungia mandazi. Sanduku letu la akiba lilikuwa stoo, na mvua ya El Niño ikaingia stoo Novemba. La kwanza mpaka la nane zikawa uji. Kuanzia la tisa tunazo.

Siku ile nilipofungua sanduku nikaona zimeoza, nilisikia nafuu. Naandika hivi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumanne, 5 Mei 1998

Nilikaa na kalamu baada ya chakula. "Chukua lilianzishwa Juni 1993 katika mtaa wa Mowlem." Sawa. Sentensi ya pili ikakataa kuja. Nzivo akapita na gazeti lake, akachungulia begani, akasema mimi hupiga taipu kurasa ishirini kwa siku na leo sentensi moja imenifunga breki. Dereva ni dereva hata akiongea na mkewe. Nikamwambia akasome michezo.

Lilianzishwa. Neno zuri hilo. Halina mtu ndani.

Ukweli ni kwamba tulikuwa watatu, kabla sisi hatujahamia Donholm. Mezani kwa Millicent Adoyo, chumba kimoja, pazia la maua likitenga kitanda na jiko. Millicent alikuwa anafuma sweta kiwandani na kuandika mashairi nyuma ya karatasi za kuagizia nyuzi. Wasike alikuwa anachora mabango ya maduka kule Kariobangi, kama mpaka leo. Mimi nilikuwa karani wa kanisa mwenye funguo ya ofisi, na ofisini kuna mashine. Maji yalikuwa yamekatika mtaani wiki ya tatu na hakuna gazeti la mjini lililoandika hata neno. Millicent akasema basi tuandike sisi, tugawe bure, na nyuma tuweke mashairi na michoro, mtu awe na cha kusoma akingoja mtungi ujae. Mtungi ujae na maji hakuna! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jina la jarida alilitoa yeye. Usome, umpe jirani – hiyo pia yake. Miaka minne sasa watu wananisifu mimi kwa maneno hayo. Huwa nasema asante.

Jumamosi, 9 Mei 1998

Nimekwenda Kariobangi kumwona Wasike. Nilimkuta juu ya ngazi anapaka bango la kinyozi, kichwa cha mteja kikubwa kuliko mlango. Nikamwuliza kama ana nakala za zamani. Akacheka huko huko juu.

"Manze Kanyiva, nani huweka kitu ya bure?"

Lakini akashuka, akafuta mikono, akasema twende kwa Mzee Opicho. Opicho ni fundi viatu, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Sijawahi kuingia. Nimepita mara mia.

Ndani ukuta wote ni karatasi. Mabati yanapitisha baridi, kwa hiyo mzee hupika uji mzito wa unga na kubandika chochote anachopata – kalenda, magunia ya saruji, na Chukua. Chukua kila mahali! Nilitambua mwandiko wa mashine yangu, ile "e" yenye jicho lililoziba. La pili liko juu ya kiti cha wateja. La tano karibu na dirisha. Na la kwanza lenyewe, limegeuka rangi ya chai, liko usawa wa macho ya mtu aliyeketi akingoja kiatu.

Wasike alifurahi sana. Alisoma kila kitu kwa sauti, habari ya maji, shairi, mchoro wake wa mama na mitungi mitupu, akasikitika alivyokuwa hajui kuchora mikono. Akafika chini.

"Mwanzilishi na Mhariri, Millicent Adoyo." Akaangalia la pili. Akaangalia la tano. "Iko zote. Sasa hii line ilipotelea wapi?"

Nikasema nafasi. Nikasema unajua stensili, nafasi ni shida. Wasike anajua stensili kuliko mtu yeyote, amezichora miaka mitano kwa kalamu iliyokwisha wino. Alirudi kuangalia mikono ya yule mama.

Tukamwomba Mzee Opicho tuzibandue kwa maji ya moto, tumbandikie nyingine. Akakataa katakata. Ati hii ni ukuta yake, na watu wa maktaba wakitaka kusoma waje na viatu vyao, atawatengenezea wakisoma. Kisha akaniuliza mimi ndiye huyo Millicent?

Nikasema hapana. Angalau hilo nimelisema.

Jumatatu, 11 Mei 1998

Acha niandike ilivyokuwa, mara moja.

Stensili ni karatasi ya nta. Unatoa utepe wa wino kwenye taipu, herufi zinatoboa nta, mashine inapitisha wino kwenye matundu. Ukikosea unapaka rangi nyekundu kama ya kucha, unapuliza, unapiga juu yake. Pembeni kuna namba za mistari na chini kuna alama. Ukiivuka, maneno yanatoka yamepakaa. Hakuna anayekagua baada ya mpiga taipu. Nikishaitoa kwenye taipu ndiyo basi.

Mstari wa mwisho juu ya alama ulikuwa wa Millicent. Jina lake na cheo chake, katikati, peke yake. Wasike alitia sahihi kwenye michoro. Langu halikuwa popote. Matoleo sita nimepiga jina lile kwa vidole vyangu. Nilipokwenda na Millicent ukumbi wa mtaa kusoma mashairi, walimpigia makofi, wakauliza na huyu ni nani, mtu akajibu, huyo ni wa taipu.

Toleo la saba, Desemba. Stensili zilikuwa tayari. Asubuhi ile Dishon Nabiswa akaja, yule wa kiwanda cha sabuni, mtoto wake alikuwa amefariki. Watu wakutane kwake Jumanne wapange kusafirisha mwili nyumbani Bungoma. Matangazo ya matanga tunayaweka bure na hayangoji mwezi ujao. Lakini nafasi hakuna, hata mstari. Millicent ndiye aliyesema. "Toa langu, weka la mtoto." Nilipaka rangi, nikapuliza, nikapiga juu yake. Watu walijaa kwa Dishon mpaka nje. Lilikuwa jambo jema na mimi nililifanya kwa moyo mmoja. Hilo sitalikana.

Toleo la nane niliketi na stensili mpya. Nilipofika chini nilikuwa na mistari mitatu mitupu. Mitatu! Mkono ukaenda katikati ya ukurasa, ukabonyeza ile alama ya nyota, nyota, nyota, mpaka mstari ukajaa pale jina lilipokuwa. Nikatazama. Nikajiambia inapendeza.

Millicent aliliona toleo, akalikunja, akaliweka mkobani. Mwezi uliofuata alileta shairi akaniuliza, nafasi imepatikana? Nikasema bado tumebanwa. Shairi nililichapa. Toleo la kumi hakuja. Watu wakasema mshairi amepata maringo, ametutupa. Nilikuwepo wakisema.

Nyota zipo mpaka leo. Watu wanazipenda. Jina langu sijaliweka chini kabisa, na huo nikauita unyenyekevu.

Ulikuwa wivu. Si nafasi.

Jumamosi, 16 Mei 1998

Nimemwona! Na nimeharibu.

Wasike alinielekeza. Millicent ana kibanda chake Kariobangi hiyo hiyo, njia ya pili kutoka kwa Opicho, na mashine ya kufumia yake mwenyewe. Bango la mlangoni limechorwa na Wasike. Kwa hiyo huyo kijana amekuwa akimwona siku zote, na hajaniambia, na sikuwahi kumwuliza.

Ameongezeka mwili. Miwani. Aliinua macho akasema, "Karibu, Mama Ndunge." Zamani aliniita Kanyiva. Akanitolea kiti, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akaniuliza habari za Nzivo, za Donholm, kama maji yanatoka. Nikamjibu kila swali. Maneno niliyokuja nayo nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatatu, nikayapiga kichwani kama barua ya ofisi. Kikombe kikaisha. Akaniuliza basi anisaidie na nini.

Nikasema nataka sweta ya shule ya mwanangu Ndunge.

Haki, sweta! Ndunge ana mbili. Millicent akachukua utepe akaniambia nionyeshe urefu wa mtoto, nikajipima begani, akaandika. Ya kijani, kola ya V. Iwe tayari tarehe thelathini.

Nikiwa nimeshasimama nikauliza, kana kwamba nimekumbuka ghafla, kama ana nakala zozote za mwanzo. Akatikisa kichwa.

"Si ni ya bure? Nilisoma, nikampa jirani."

Alisema bila kucheka. Kisha, akiwa ameinamia nyuzi, akaongeza kwamba anasoma kila mwezi, Mama Koki humtumia. Hadithi ya Machi, ile ya mlinzi na mbwa, mwisho wake niliukata. "Na nafasi ilikuwepo."

Nilikanyaga matope mpaka nyumbani sikuyaona. Nzivo ameniuliza viatu vimefanya nini.

Jumapili, 24 Mei 1998

Mchungaji ameulizia ukurasa. Nikasema wiki ijayo. Akanionyesha ratiba ya tarehe saba, amekwisha kuiandika kwa mkono ili nimpigie taipu. Kipengele cha nne: Mwanzilishi, Bi. Kanyiva, asimame.

Nimeipiga. Sikubadilisha herufi. Sipendi kuandika leo.

Jumamosi, 30 Mei 1998

Niliamka nikajiambia nitasema kabla sijakaa, maana nikikaa nitaagiza sweta ya pili.

Nikafika saa nne. Sweta ilikuwa imetundikwa, nzuri, imekaza mikono vizuri. Nikasema nikiwa mlangoni, mkoba bado begani. "Toleo la nane, nafasi ilikuwepo."

Alikuwa anakata uzi. Akaukata. "Najua."

"Ilikuwa mistari mitatu."

"Mmoja ungenitosha."

Akaniambia nikae basi, nimezuia mwanga. Nikakaa. Nikasema yote – ukumbini, wa taipu, matoleo sita jina lake na langu hakuna, mkono kwenye nyota. Nikasema niliona wivu. Neno lenyewe nililitoa, likatoka dogo kuliko nilivyodhani. Alinisikiliza miwani ikiwa mkononi.

"Ungesema, Kanyiva. Ningeliweka lako siku hiyo hiyo."

"Hukuuliza."

"Aai, kweli. Sikuuliza." Akavaa miwani yake. "Hata hilo wazo halikunijia."

Kanyiva! Alisema Kanyiva. Nilitaka kulia hapo hapo kwenye nyuzi za watu.

Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka saa hizi linanizunguka. Mtu wa sweta huhesabu bila kutaka, akasema, macho yakiona safu lazima yahesabu. Siku ile alipoona nyota za toleo la nane alizihesabu. Thelathini na tisa. Akachukua la sita, akahesabu mstari wake, jina na cheo, na nafasi za katikati. Thelathini na tisa. La tisa hivyo hivyo. La mwezi jana hivyo hivyo.

"Nikasema huyu mama, hata kunifuta ananifuta kwa kipimo. Ningekasirika vizuri kama ungeweka ishirini."

Sikujua. Naapa sikujua. Mkono ulijua mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, mimi nilibonyeza tu.

Nikamwambia kuhusu maktaba na ukurasa. Nikasema nitalirudisha jina. Akatikisa kichwa. Si hivyo tu. Nisimrudishe kama mtu aliyetoka safari. Mowlem wanasema aliwatupa kwa maringo, Mama Koki mwenyewe alimwambia usoni kabla hawajapatana. Niandike alienda wapi, na kwa nini.

"Nikiandika hivyo, Millicent..."

"Utaaibika. Ndiyo. Mimi nimeaibika miaka minne na sikufanya kitu."

Nikamwuliza kama atakuja tarehe saba. Alikuwa anaikunja sweta.

"Nitasoma kwanza."

Nimefika nyumbani nimetoa nakala ya Aprili, nikahesabu kwa ncha ya sindano. Thelathini na tisa.

Jumatatu, 1 Juni 1998

Sikukuu ya Madaraka. Nzivo nyumbani, redio, hotuba, mvua. Nimeandika ukurasa wote kwa kalamu kabla ya chakula cha mchana. Sentensi ya pili: "Mwanzilishi wake na mhariri wake wa kwanza ni Millicent Adoyo." Baada ya hapo haikunisumbua tena. Nimeandika maji, mtungi, mtoto wa Dishon, mistari mitatu mitupu, nyota.

Nilimpa Nzivo asome. Alisoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata. Akaniuliza kama lazima. Nikasema lazima. Akaniuliza kama bado watanipa cheti. Nikasema sidhani. "Haya," akasema, "ukuta wenyewe hauna msumari."

Ndunge amevaa sweta nyumbani, yuko likizo ya siku moja na amevaa sweta ya shule. Ati ndiyo nzuri kuliko zote.

Jumamosi, 6 Juni 1998

Naandika hapa ofisini kanisani, daftari lilikuwa mkobani. Ni saa tisa kasoro.

Tulianza mapema. Wasike alileta mchoro wa jalada, ni yule yule mama wa mitungi wa toleo la kwanza, safari hii mikono imekuwa mikono. Mimi nikakata stensili ya historia. Nilihesabu mistari kwanza, nikaipanga, yote imeingia. Nilipofika chini sikutazama kibao cha herufi. Nilianza pale ninapoanzia nyota siku zote. Mwanzilishi na Mhariri: Millicent Adoyo. Herufi ya mwisho ilitua pale pale nyota ya mwisho hutua. Wasike alikuwa amesimama nyuma yangu, wino kwenye vidole gumba, akatoa pumzi ndefu.

"Poa," akasema. Neno hilo tu.

Mchungaji akaingia kuuliza habari za viti. Akaona stensili, akaitaka. Akaishika dirishani kama tunavyosoma zote, herufi zikiwa nyeupe kwenye nta. Alisoma mpaka chini. Akarudi katikati, akasoma tena.

"Mama Ndunge. Hii ni historia ama ni toba?"

Nikasema ni kitu kile kile.

Hakukasirika. Ningependa akasirike. Aliketi kando yangu, akasema ameguswa, kweli ameguswa, na wakati wowote nikitaka tutaliombea jambo hili, yeye na mimi, mlango ukiwa umefungwa. Lakini jina la kanisa liko juu ya ukurasa. Na watu wa maktaba watakisoma kitabu hicho hata sisi tukiwa hatupo. Jina la yule dada libaki, hilo halina ubaya, na libaki pale pale chini. Hiyo sehemu ya katikati ndiyo nzito. Mistari mitano tu. Tufute, na hapo tuseme tu kwamba siku zile nafasi haikutosha.

Nafasi haikutosha! Alilisema kwa upole ule ule niliokuwa nao mimi. Nilimwangalia mzee wa watu, sikuona ubaya hata kidogo usoni mwake. Ananipenda. Anataka kesho nisimame vizuri.

Kisha akaifungua chupa ya rangi nyekundu yeye mwenyewe, akatoa burashi, akailaza juu ya kifuniko karibu na mkono wangu. Mashine ni ya kanisa, akasema, sitaki kukulazimisha, lakini bila hivyo siwezi kuruhusu izunguke. Ngoja nikaone mambo ya viti, akasema, nikirudi tuchape. Akatoka.

Wasike ameketi juu ya rimu za karatasi, anasugua vidole. Ameniambia kwamba jana alipita kwa Mzee Opicho, na mzee amebandua kalenda kando ya lile la kwanza, ameacha ukuta wazi upana wa ukurasa, anangoja hili. Na njia ya pili kuna mtu mwingine anangoja. Mama Koki atampelekea jioni, kama kawaida.

Sehemu ya katikati nimeisoma tena dirishani. Mistari mitano. Hakuna hata mmoja uliopakaa. Nimeirudisha kwenye taipu, imekaa sawa, na mikono nimeiweka mapajani. Naogopa, sitaficha. Miaka kumi na moja nimefanya kazi chumba hiki na sijawahi kumkatalia huyu mzee jambo.

Viti vimekwisha kupangwa, nasikia vimenyamaza. Viatu vyake kwenye changarawe. Burashi iko nje tangu alipotoka, nywele zake zimeanza kushikana, hazitapaka vizuri kama sitaichovya sasa.

Wacha ikauke.